Mkanda wa Kunolea Wembe wa Mzee Awadhi

Siku yangu ya kwanza kazini sikushona kitu. Msimamizi wa Ukataji, mtu mfupi mwenye vidole vilivyoingia weusi wa dawa ya ngozi, alinikalisha kando ya meza yake akanipa kipande cha ngozi ya ng'ombe. Nikachukua kisu. Akaninyang'anya.

"Binti, nani kakwambia ukate? Kikunje kwanza. Kikunjue. Ukishakijua ndiyo nitakupa kisu."

Nilikuwa nimetoka Singida majuzi tu, na mikono yangu haikujua kutulia. Nilikunja na kukunjua mpaka viganja vikaniwasha, wenzangu wakinicheka. Lakini nilipotoka jioni nilikuwa najua kwamba ngozi ina upande wa manyoya, ulio laini, na upande wa nyama, wenye vinyuzinyuzi, na kwamba ngozi ya mgongoni haivutiki ovyo kama ya tumboni.

Hiyo ilikuwa karakana ya Temeke. Baadaye Mkuu wa Karakana alinihamishia ushonaji, nikajifunza kushona kwa sindano mbili: uzi mmoja uliopakwa nta, sindano kila ncha, zote zikipishana kwenye tundu lilelile. Mshono wa namna hiyo ukikatika mahali pamoja, uliobaki hauachii. Kutoka hapo nikapelekwa Mwenge kushona mikoba karibu na wachonga vinyago, na mwisho Kurasini, tulikovalisha ngozi viti vya malori. Kila nilipohamishwa nilinung'unika kwa mdomo, ila moyoni nilifurahi. Mahali pamoja palikuwa pananichosha. Meneja wa Kurasini ndiye aliyeniaga.

"Mama Neema, umefanya kazi. Sasa kapumzike."

Kupumzika kulinishinda. Nilihamia Boko kwa binti yangu Neema. Nikafumua mkoba wake mzima usio na tatizo lolote, nikaushona upya. Nikazunguka uani, nikarudi ndani, nikatoka tena.

"Mama, kaa basi hata kidogo," Neema akasema. "Nachoka mie kukuangalia tu."

Nikakaa. Nikainuka.

Ndipo akaja Nassor, kinyozi wa Temeke. Alielekezwa na dereva mmoja niliyewahi kumtengenezea kiti. Baada ya shikamoo akatoa kopo la shaba la mviringo, linaloenea kiganjani. Ndani yake mlikuwa na mkanda wa kunolea wembe.

Nyie vijana mmezoea mashine na nyembe za kutupa, kwa hiyo nieleze. Zamani kinyozi alitumia wembe wa kukunja, na kabla ya kunyoa aliupitisha juu ya ngozi, kwenda na kurudi, ili makali yakae sawa. Mikanda mingi ilining'inizwa ukutani. Huu ulijizungusha ndani ya kopo lake, kama utepe wa kupimia wa seremala. Unauvuta, unanoa, na ukiuachia springi inaurudisha.

"Ni wa baba," Nassor akasema. "Umekwama, na tangu ukwame hataki kunyolewa. Mashine inamtoa vipele. Nikinolea wembe kwenye suruali ya jinzi anasema namkwaruza. Siku hizi hata Ijumaa hatoki, mama. Anaona aibu, kinyozi mzima na ndevu hazina mpango."

Nilipofungua kopo nilitangulia kuibana springi kwa koleo na kitambaa, maana chuma kilichojikunja hivyo kikiruka kinachana mkono. Kilikuwa kizima, kutu tu na grisi iliyoganda. Nikakisafisha kwa mafuta ya taa na msasa laini. Tatizo lilikuwa ngozi. Ilikauka ikapasukapasuka, hasa pale inapoungana na kijiti cha katikati. Nikampigia Nassor simu kwamba itabidi ibadilishwe.

Kesho yake akaja na baba yake. Mzee Awadhi alikuwa mrefu, kanzu yake imepigwa pasi vizuri, ndevu zimeota kila upande kivyake. Nikamwamkia, nikamkaribisha kiti. Hakukaa.

"Ngozi yangu usiitoe," akasema.

"Imekufa, mzee wangu."

"Imekufa vipi? Hii imesomesha watoto." Akaichukua, akaishika ncha mbili, akaivuta kunionyesha nguvu zake.

Ikakatika mikononi mwake.

Alitia vipande vyote viwili mfukoni akatoka bila kuaga, Nassor nyuma yake akiniomba radhi kwa macho.

Siku zilizofuata sikushikika. Chakula nilikila nimesimama. Nilijaribu kukata ngozi nyingine mwenyewe, nikaiacha, kwa sababu sikujua wembe unataka nini. Mwishowe nikalitia kopo mkobani, nikaenda Temeke. Nilimkuta Mzee Awadhi dukani kwa mwanawe, kwenye benchi la wateja, uso ameuelekeza ukutani.

"Mzee, mie najua ngozi ya kiti na ya mkoba. Ya wembe siijui. Twende ukachague."

"Nishachagua ya kwangu, na imekatika."

Sikuondoka. Akatazama mlango, akanitazama, akatazama tena mlango.

"Nassor," akasema, "niletee makubazi yangu."

Kwa muuza ngozi alinitoa jasho. Kila kipande alikipitisha sehemu ya ndani ya mkono, juu kidogo ya kiganja, amefumba macho. "Hii inateleza, wembe hautasikia kitu. Hii inang'ang'ania." Akafika kwenye kimoja, akakirudia. Nikakichukua nikakikunja. Kilikuwa cha mgongoni, hakivutiki.

"Hiki," tukasema pamoja.

Nilikifanyia kazi palepale kwa Nassor. Nikakata mkanda, nikapunguza unene wa ncha ili uzunguke vizuri, nikaubana kwenye kijiti kwa ribiti za shaba. Mzee alisimama begani kwangu muda wote.

"Taratibu!"

"Mzee, si ukae?"

"Wewe mwenyewe hukai."

Tulipoujaribu mara ya kwanza ulirudi kwa kishindo ukampiga kidole. Nilikuwa nimekaza springi kupita kiasi. Nikailegeza, ukaingia polepole kwa sauti nyembamba. Alinoa wembe mwenyewe, akampa Nassor, akakaa kwenye kiti. Kwa mara ya kwanza nikamwona ametulia, ingawa mdomo haukutulia: "Shusha mkono. Vuta shavu. Hapo." Nassor alipomaliza, mzee alijipapasa uso kwa muda mrefu, halafu akauliza adhana bado kiasi gani.

Vijana huniuliza kustaafu kukoje. Nawaambia kazi huisha kabla ya mikono, na hakuna anayekufundisha cha kuifanyia hiyo mikono. Wapo wanaoweza kuituliza. Mie nimeacha kujilazimisha.

Mchana ule Mzee Awadhi alipokuwa anatoka kwenda msikitini aliniambia, "Kaa, Mama Neema, upoe. Umechoka." Nikakaa kwenye benchi. Macho yakaenda kwenye kile kiti cha kunyolea: ngozi ya mkono wa kulia ilikuwa imechanika, sponji inachungulia.

"Nassor," nikasema, "mkasi uko wapi?"