Mama Mkwe na Mimi, na Mbwa Katikati

Kwa Wanyamwezi wa zamani, mwanamume na mama mkwe wake hawakutazamana. Mkikutana njiani, mmoja anaingia porini mpaka mwenzake apite. Yeye akiwa uani, wewe unabaki barazani. Kusemeshana uso kwa uso, Mungu apishe mbali! Hiyo ilikuwa aibu ya kusimuliwa mpaka Igunga. Mimi niliyakuta hayo na nikayakubali bila manung'uniko, kwa sababu nilimpenda binti, na sikuoa ili nipige soga na mama yake.

Shida ilianza mke wangu alipopata mimba ya kwanza. Desturi ilimtaka akajifungulie kwao, kijiji cha mwendo mfupi wa baiskeli kutoka Kipalapala. Nami wakati huo nilikuwa msaidizi wa bwana mifugo pale Tabora, enzi ya Mwingereza, kaptula ya kaki imepigwa pasi inakaribia kukata, viatu vya ngozi vinalia kila hatua. Nikapangiwa kuchanja ng'ombe wa upande ule ule, basi nikahamia ukweni kwa mwezi mzima. Baba mkwe alikuwa porini kwenye mizinga yake ya asali, anarudi nyumbani kwa nadra. Mjumbe wetu alikuwa mke wangu, lakini mwanamke mwenye mimba kubwa hulala mchana, hununa bila sababu, na hataki kutumwatumwa.

Ndipo mama mkwe alipomkumbuka mbwa.

Alikuwa mbwa wa kawaida tu, rangi ya udongo, sikio moja limechanika, mpole kupita kiasi. Siku ya pili nimekaa barazani, nikasikia sauti nyuma ya ua wa matete: "Wewe mbwa, hebu mwambie huyo mwenye viatu kwamba maji yake ya kuoga yanapoa." Mbwa akazunguka ua, akaja akanitazama, akatikisa mkia. Nikaona nisimwangushe. "Mbwa," nikasema, "mwambie mama nimeshukuru, na shikamoo yake."

"Mbwa, mwambie marahaba."

Basi ikawa ndiyo posta yetu. Desturi haikuvunjwa hata kidogo, kwa maana hakuna aliyemsemesha mwenzake, sote tulikuwa tunaongea na mbwa. Na mama mkwe alikuwa na ulimi! "Mbwa, umewahi kumwona mtu anayemaliza bakuli zima la karanga, halafu anasema hana njaa?" Mimi nacheka huku, yeye anacheka kule, mbwa anatikisa mkia katikati. Nilianza kumpenda yule mama ambaye sikuwa nimeuona uso wake sawasawa.

Jumapili moja baada ya misa niliwakusanya watu nikawafundisha habari za mbwa. Mpeni maji kila siku, niliwaambia, msimpige mawe, msimfunge juani. Na mkiona mbwa anatoka povu na kuuma ovyo, hicho ni kichaa, msimguse, mwiteni mwanangwa. Mwanangwa ndiye aliyekuwa mkuu wa kijiji chini ya mtemi, na alikuwa na gobore. Watu wakanipigia makofi. Lo, kichwa kilivimba!

Wiki hiyo hiyo kuku wawili wa mama mkwe wakaibwa. Jirani mmoja akamcheka waziwazi: "Mbwa wako huyo anawapokea wezi mpaka jikoni, bado kuwaandalia chai." Nilimsikia mama mkwe akifyonza nyuma ya matete, nikadhani yameishia hapo.

Siku chache baadaye mke wangu alikwenda zahanati ya misheni kupimwa, akisindikizwa na shangazi yake. Nilirudi kutoka kazini saa saba mchana, jua linachoma, njaa inauma. Mbwa hakuja kunilaki. Nikamkuta amejibanza nyuma ya ghala la mtama. Sasa sikilizeni, maana hapa najianika mwenyewe. Mkia ameufyata. Masikio ameyalaza nyuma. Nilipomsogelea akageuza uso pembeni, akajilamba midomo, akanionyesha weupe wa jicho. Mbwa hana njia nyingine ya kusema niache, na yule alikuwa ameisema mara tano. Mtoto mdogo angemwelewa. Mimi, mtu wa serikali, mwalimu wa Jumapili, nikainama juu yake, nikamzibia upenyo wa kutokea, nikampelekea mkono utosini. "Vipi, bwana tarishi, leo hakuna habari?"

Akaniuma. Meno yalizama kiganjani, damu ikanichirizika mpaka kwenye kaptula. Mganga hajigangi, jamani.

Nilipiga yowe lisilolingana na cheo changu. Majirani wakaja mbio. Mbwa akachomoka nyuma ya ghala, uso umemvimba, mate na povu vinamtiririka, na uani hapo pakalipuka: "Kichaa! Kichaa!" Mwanangwa akafika na gobore lake upesi ajabu, nadhani alikuwa analisubiria siku yake tangu Jumapili.

"Aliyeumwa ni wewe," akaniambia, "na ajuaye mambo haya ni wewe. Nipige nisipige?"

Jibu nilikuwa nalijua kama Baba Yetu. Mbwa aliyeuma, kama anaweza kufungiwa, hauawi. Anafungiwa siku kumi na kuangaliwa. Akizimaliza akiwa mzima, aliyeumwa naye hana kichaa. Akiuawa, utabaki hujui. Lakini nilikuwa nimewahi kumwona mtu mwenye kichaa cha mbwa, upande wa Lusu. Aliomba maji, na maji yalipoletwa akayapigia kelele. Nikamkumbuka yule mtu, nikamkumbuka mtoto wangu ambaye hata hajazaliwa, na akili yote ikaniruka. Niliogopa, na woga ule ukageuka hasira kwa yule mbwa.

"Piga!" nikasema.

Mama mkwe akatoka nyuma ya matete. Hakujifunika uso kwa kanga, wala hakumtuma mtu. Alikuja moja kwa moja akasimama kati ya mdomo wa gobore na mbwa, akanitazama machoni.

"Usimuue," aliniambia. "Nimemlisha nyigu mimi, leo asubuhi, kwa mikono yangu hii. Kama husadiki, mfungie umwangalie. Ukimuua, nani atakuambia kama wewe ni mzima?"

Mwanamke mmoja akaziba mdomo. Mwingine akamwita mama yake kwa Kinyamwezi, "Mayo!" Watu walisahau kabisa habari ya mbwa, wakawa wanatutazama sisi wawili. Nami niliona haya iliyozidi maumivu ya mkono, maana mama wa watu alikuwa amejivua heshima yake mbele ya kijiji kizima kuniambia jambo ninalolijua.

"Mwanangwa," nikasema, "shusha gobore."

Habari ya nyigu ni hii. Watu wa kwetu waliamini kwamba mbwa mpole ukimlisha nyigu wazima, umewafinyanga katikati ya tonge la ugali, ukali wao utamwingia. Kinachomwingia ni miiba. Kinywa kilikuwa kimemvimba chote, ndiyo maana mate hayakushikika. Lakini nyigu hawakuthibitisha kitu, kwani mbwa aweza kulishwa nyigu na akawa na kichaa vilevile. Siku kumi zilikuwa palepale.

Mama mkwe aliwafukuza watu wote uani. Akafungua banda la mbuzi lililokuwa tupu, akaweka bakuli la maji kivulini, akaondoka. Hakuna aliyemgusa mbwa wala kumswaga. Baada ya muda mbwa akaingia mwenyewe, mama mkwe akamfungia kwa nje. Mimi nilikuwa naosha mkono kwa sabuni ya mche na maji ya kumimina, naosha tena, mpaka vidole vikakunjamana, halafu nikapakiwa kwenye baiskeli hadi hospitali ya Tabora. Daktari aliuliza neno moja: "Mbwa yu hai?" Nikasema yu hai. "Basi mwangalieni. Akibadilika, njoo mbio. Sindano zake ni za tumboni, na ni nyingi." Siku hizi, ukiumwa usingoje kama mimi, nenda ukachomwe siku hiyo hiyo.

Siku mbili za kwanza mbwa hakunywa hata tone. Nilikuwa nakaa mbele ya lile banda namtazama. Kila nikimeza mate najipima: yamepita vizuri, hayakupita vizuri? Mke wangu alilia mpaka nikamwogopea mimba yake. Baba mkwe alirudi na asali, akasikia mambo yetu, akachukia. Akaamuru mama mkwe na mimi tutoe kuku mmoja mmoja kufuta aibu ya kusemeshana. Tukatoa. Akawala yeye.

Na sauti nyuma ya matete ikarudi kwenye adabu zake. "Mbwa, mwambie mwenye viatu avivue, vinakutisha." Nikavivua. "Mbwa, mwambie akae ubavu, asikutolee macho." Nikakaa ubavu. "Mbwa, mwambie asikufuate. Wewe ndiye utakayemfuata." Siku ya tatu, nimekaa hivyo peku, nimempa mgongo, nikasikia nyuma yangu ulimi unalamba uji mwepesi. Sijasikia muziki mtamu kama ule.

"Mbwa," nikasema, "mwambie mama kwamba nyigu hawakufanyi mkali. Wanakufanya mwoga, na mwoga ndiye anayeuma."

Kisha: "Mbwa, mwambie nimesikia. Mdomo wako ulinifundisha kabla yake."

Siku ya kumi kulipokucha nilikwenda bandani bila viatu, nikaondoa mti wa mlango, nikakaa chini pembeni nikangoja. Mbwa alitoka taratibu, akajinyoosha, akaja akaunusa mkono wangu wenye bandeji. Uvimbe umeisha, macho maangavu, mkia unacheza. Nililia, sifichi. Nililia kwa sauti, mwanamume mzima, nimekaa kwenye mavi ya mbuzi.

Nyuma ya matete nilisikia mtu anavuta kamasi. Kisha sauti ikaja, ya kukwaruza: "Mbwa, mwambie mwanangu avae viatu vyake sasa. Amepona."

Mwezi ule wote alikuwa ananiita mwenye viatu. Nilimtafuta mbwa nimpe jibu alipeleke, kumbe alikwisha kuzunguka ua, yuko jikoni anakula. Nikajibu mwenyewe.

"Ndiyo, mama."

Safari hiyo hatukutoa kuku.