Sitara na kompyuta iliyozima mara arobaini na moja

Saa mbili na robo asubuhi, siku ya Alhamisi, katika chumba chenye ubaridi kwenye ghorofa moja ya Posta, Sitara Mwinyimvua anachomoa karatasi yote kwenye mtambo wa kuchapisha. Wenzake wanne wanamtazama. Mara taa za kompyuta zinaganda, kanda za kuhifadhia kumbukumbu zinasimama.

"Mmeona?" anasema huku akicheka. "Leo nimeizima mwenyewe!"

Sitara, 28, mkazi wa Kariakoo, ni mwendeshaji wa kompyuta katika shirika la umma linalogawa dawa kwa zahanati za mikoani. Machi mwaka huu, 1978, shirika lilipokea kutoka ng'ambo toleo la majaribio la programu kuu, ile inayoongoza kazi zote za mashine.

Toleo hilo lilisifiwa kwa kufanya kazi mbili kwa pamoja. Lakini katika wiki tatu lilizima mara arobaini na moja, na kila lilipozima kazi ilianza upya.

"Zahanati mia mbili zilikuwa zinasubiri orodha ya mgawo wa dawa," anasema. "Hata chakula kilikuwa hakipiti."

Wapo waliolaumu joto, wapo waliolaumu umeme. Mkuu wa chumba, Isidori Pantaleo, alikata shauri. "Jumatatu nilimwambia, Dada Sitara, Ijumaa tunarudi kwenye toleo la zamani. Akaniomba, 'Ndugu Isidori, niachie hizo siku nne tu nilitafute kosa.'"

Sitara aliingia shirikani kama mpiga chapa. Kompyuta alijifunza kwa vitabu vya mashine, kamusi ikiwa pembeni. Kwa mshahara wa shilingi 640 anamtunza mama yake, Bi Mgeni, muuza viungo sokoni, ambaye siku hizo alimpokea kwa swali moja: "Mgonjwa wenu hajambo leo?"

Sitara aliandika kila tukio daftarini: saa, kazi, kanda, taa zilizowaka. Kisha akapunguza kazi moja moja, akijaribu upya.

"Kitu kimoja kikawa hakikosekani. Taa ya kuonyesha karatasi imekwisha imewaka."

Karatasi ikiisha wakati kanda inasomwa, programu ilisimama kuomba karatasi, kisha ikasahau ilikuwa imefika wapi kwenye kanda. Hapo ndipo ilipozima.

Alhamisi hiyo, baada ya kuwathibitishia wenzake, aliiwasha upya na kuongeza karatasi kila ilipokaribia kwisha. Kufika alasiri, orodha nzima ilikuwa imetoka. Isidori alipiga makofi hadi wahasibu wa chumba cha pili wakaja kuuliza kuna harusi gani.

Wiki iliyofuata watengenezaji wa programu, baada ya kuarifiwa, walijibu kwa teleksi: kosa ni lao, marekebisho yako njiani.

Sasa Sitara anaandika mwongozo wa kompyuta kwa Kiswahili. Amefikia ukurasa wa kumi na moja.

"Nataka msichana wa Buguruni ausome, aelewe," anasema. "Mashine ikimzimia, asikae kusubiri simu ya ng'ambo. Akunje mikono ya blauzi, aanze kutafuta kosa."