Picha Alizosimulia Saumu

Umeme ukikatika hapa mtaani kwetu Tanga, jirani yangu muuza nyama huwasha jenereta, na moshi wa petroli ukapita dirishani hadi sebuleni. Watu wa nyumbani kwangu huziba pua na kulalamika. Mimi huacha nilichokishika nikauvuta. Moshi huo ulikuwa ndiyo harufu ya kibanda cha video cha mjomba wangu Sefu, kule Kigombe, nilipokuwa na umri wa miaka kumi hivi, na kwangu hadi leo hakuna manukato yanayoushinda.

Kibanda kilikuwa cha makuti na magunia, na Jumapili mchana mjomba alionyesha picha za kutisha. Wasichana walikatazwa kuingia. Mimi niliingia kwa sababu kazi ya kunyunyiza maji sakafuni ili vumbi litulie ilikuwa yangu, na nikishamaliza nilijikunyata nyuma ya deki ya video, mjomba akajifanya hanioni. Mikanda yake mingi ilikuwa ya zamani. Mna habari ya lile zimwi la majini ambalo likigeuka unaliona zipu mgongoni? Niliiona zipu hiyo kwa macho yangu, na bado nililiogopa. Kulikuwa na wafu waliofufuka, na chombo cha angani ambacho ndani yake kila kitu kilikuwa kinawaka taa. Kiingereza hatukukijua, kwa hiyo mjomba alitutafsiria kwa kubahatisha. Kwa maelezo yake, watu wote waliosafiri kwenda mwezini walikuwa wanamtafuta mke aliyetoroka.

Basi Jumatatu, tukitoka chuoni kusoma Kurani, wasichana wenzangu walinizunguka kwenye lundo la makumbi ya nazi nyuma ya nyumba ya mwalimu, nami nikawasimulia picha. Mjue kusimulia picha kulikuwa kazi yenye heshima. Nilipewa pa kukaa penye kivuli, na mwenye ubuyu alinimegea bila kuombwa. Niliwahesabia meno ya adui, nikawatajia rangi ya damu, rangi ya pazia, viatu vya steringi, yule shujaa wa picha. Waliuliza kwa nini steringi asisome Ayatul Kursi yakaisha, nami niliwajibu kwa upole wa mtu anayejua mengi kwamba steringi si mtu wa Kigombe.

Halafu akaja Saumu. Mama yake alikuwa akifanya kazi za ndani kwenye nyumba kubwa ya Raskazone, kule mjini, na Saumu, aliyekuwa akiishi naye huko, aliletwa kwa bibi yake aanze shule kijijini. Alikuwa mwembamba, mkimya, na wiki ya kwanza alinisikiliza akiwa mbele kabisa, mdomo wazi. Nilimpenda kwa hilo. Wiki ya pili alisema kwa sauti ndogo kwamba na yeye anazo picha, mpya, za nyumba ya Raskazone, si hizi za zamani za zipu.

Hakutaja meno wala damu. Aligonga kumbi kwa kifundo cha kidole, polepole, akasema hizo ni hatua za mtu juu ya dari. Akanyamaza. Akagonga tena, karibu zaidi. Akasema kuna mama yuko peke yake nyumbani, anamwita mtoto wake, na mtoto anaitika, lakini sauti inatokea ukutani. Kisha akaiiga hiyo sauti. Mwanaisha, mkubwa wetu, aliyekuwa akijigamba haogopi hata jini la mkwajuni, alinishika mkono mpaka kucha zikaingia.

Nilimwonea wivu. Sitaupamba. Nilirudi nyumbani nikakataa kula, mama akanipapasa shingo akidhani nina homa. Jumatatu iliyofuata nilijitutumua, nikaongeza wafu, nikawapa meno wasiokuwa nayo, na katikati ya hadithi yangu bora nikamsikia Mwanaisha akimnong'oneza Saumu amalizie ya yule mama. Hata ubuyu ulihamia upande wake.

Nikatafuta njia ya kumkomesha. Siku moja mbele ya wote nikamuuliza gauni la yule mama lina rangi gani. Swali jepesi tu, kwa mtu aliyeona. Saumu alitazama mikono yake.

"Jekundu," akasema.

"Na lile dude la ukutani likoje?"

"Liko gizani."

Nikasema giza gani hilo lisiloisha mpaka picha inakwisha. Wenzangu wakanifyonya, wakaniambia niwaache wasikilize.

Mwezi wa likizo, bibi yake Saumu alimwomba mama yangu, aliyekuwa anakwenda mjini, ampelekee bintiye, mama yake Saumu, nazi na kamba wakavu. Niling'ang'ania kufuatana naye. Mama alidhani natamani mji, kumbe nilitaka kuiona televisheni ya Raskazone, yenye hizo picha za Saumu.

Tulipita mlango wa nyuma. Mama yake Saumu alitukaribisha jikoni, nikampa shikamoo, na alipoona natupatupa macho akacheka. Akanionyesha ndoo iliyopinduliwa chini ya dirisha.

"Mwenzio alikuwa akikaa hapo. Huko ndani haendi, mwenye nyumba hataki watoto wa jikoni. Televisheni anaisikilizia hapo hapo, basi humtoi."

Dirisha lile lilitazamana na ukuta. Nilielewa mara moja. Saumu hakuwahi kuona picha hata moja.

Ningefurahi, sivyo? Nilikuwa na silaha ambayo ingemmaliza siku moja. Badala yake wivu ukanipanda upya, mbaya kuliko wa kwanza, kwa sababu mimi nilikuwa na macho, nilikuwa na deki puani, na sikuwahi kumtisha mtu vile.

Tukiwa tunaaga, binti wa mwenye nyumba, rika langu, alikuja kuchukua maji, akaniona mgeni, akanishika mkono akaniingiza sebuleni. Mgeni wa siku moja hakukatazwa. Nikakalishwa kwenye kochi, na kwenye televisheni nikasikia hatua juu ya dari. Nilizijua kabla sijaona chochote. Ilikuwa picha yenyewe, nayo haikuwa mpya hata chembe. Ilikuwa kongwe kuliko mikanda yote ya mjomba, nyeusi na nyeupe, imejaa michirizi. Dude lilipotoka ukutani lilikuwa mtu aliyevikwa gunia lenye manyoya. Binti wa mwenye nyumba alicheka.

Nilirudi Kigombe nimejipanga kusema mbele ya wote. Lakini Saumu alikuwa ananingoja njiani peke yake, na mchanga ulivyomjaa miguuni nilijua amengoja sana. Nilidhani ataniomba nisiseme. Akaniuliza kitu kingine.

"Ulimwona yule mama wa kwenye picha? Yukoje?"

Mwenzenu nikaona fahari. Hatimaye ananiuliza mimi. Nikakaa chini nikamweleza yote kwa uaminifu, nywele zilivyosukwa, sahani zilizovunjika, gunia na manyoya yake. Sijapata msikilizaji kama yule.

"Na gauni?"

"Halina rangi. Picha nzima haina rangi."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Na mwenyewe mfupi."

"Mie nilidhani ni mrefu," akasema, akaniaga vizuri, akaenda zake.

Sikumwambia mtu neno, wala haikuhitajika. Jumatatu walipomwomba asimulie ya yule mama, alisema imemtoka, waniulize mimi Riziki, ndiye niliyeiona. Nikarudishiwa kivuli changu. Nikawasimulia, sahani kwa sahani, na wenzangu wakanisikiliza huku wakitafuna. Saumu hakuisimulia tena picha ile, na baada ya muda hata zile nyingine akaziacha. Nilifikiri nimeshinda.

Siku hizi picha zimejaa kwenye simu, na wanangu hubishana usiku na mchana kama za zamani zinatisha kuliko za sasa za kompyuta. Wakiniuliza, nawaambia inayotisha kuliko zote sijaiona, maana haikuwa kwenye mkanda wowote. Ilikuwa kichwani mwa mtoto wa jikoni, na gauni la yule mama lilikuwa jekundu. Mara nyingine wakiwa wanaangalia, huingia jikoni nikaegemea ukuta, nikasikiliza. Nasikia milango, nasikia hatua, nasikia mtu analia. Sioni kitu, hata kichwani. Ndipo roho inaponiuma, kwamba wivu wangu wote wa utotoni umeniisha ila huu mmoja: ningetoa macho yangu ya siku ile kochini nikae japo kidogo kwenye ndoo yake.