Udongo Mweupe wa Shimo la Ulanga

Nilipomaliza darasa la saba mama alinimegea kipande cha shamba, juu kidogo ya sehemu yake ya maharage, kwenye mteremko unaoshuka mtoni. Kwetu Uluguru ardhi hufuata ukoo wa mama, basi nikajiona mtu mzima. Kulima kidogo tu, jembe likaibua kitu kinachong'aa. Ulanga, madini ya kuuza! Ulibanduka tabaka kwa tabaka, mwembamba kama ganda la kitunguu, na jua linapenya.

Jamani, kichwa changu kile! Kabla sijainuka nilishamwezekea mama nyumba ya bati na redio inaimba ndani. Katibu wa kijiji alikuwa ametuambia tuchimbe, ni mali ya taifa, ili mradi siku za shamba la ujamaa tusikose.

Mama akasema, "Chimba, mwanangu. Ila ulanga hauivi chunguni."

"Mama nawe! Tutanunua maharage kwa gunia."

"Kwa nani? Na majirani wote wamo mashimoni?"

Nikacheka. Nikachimba, udongo nikautupa papo hapo, upande wa chini.

Masika yakaanza, mama akapanda. Maharage yakiwa na majani mawili mawili, mchana mmoja ikaja mvua kubwa. Nimejibanza chini ya mgomba, nikaona udongo wangu mweupe ukiteremka kama uji na kuyafunika yote.

Mama alisimama pale, kanga imemganda mwilini. "Mbegu imebaki kibuyu kimoja," akasema. "Na udongo huu hauoteshi kitu."

Kesho yake mjomba, mkubwa wa ukoo wetu, akafika.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Shimo la mgomba unalichimbaje?"

"Udongo mweusi nauweka kando, mweupe kando. Mweusi ndio unaorudi kwenye mzizi."

"Na hili lako?"

Nikamwonyesha maharage yaliyofukiwa.

Hakunigombeza. Alivua shati, akashika karai. Tulianza kuupandisha ule udongo kuurudisha shimoni, mimi nalia huku napanda. Wachimbaji wenzangu walipotuona wakaacha mashimo yao, wakaja na makarai. "Wewe ndiye mchimbaji wa kwanza kuchimba kwenda juu!" mmoja akanitania, nikacheka na machozi yangu. Siku ya nne ardhi nyeusi ikaonekana, mama akapanda kile kibuyu chote, mvua bado ipo.

Sikuacha ulanga. Ila tangu hapo nilichimba kama ninavyochimba shimo la mgomba, na shimo likiisha nalifukia, napanda mgomba kweli.

Maharage yalichelewa na hayakuwa mengi. Siku ya kuyapepeta nilikuwa na njaa nayo, nimeshateleka chungu. Mama alijaza kwanza kibuyu cha mbegu, akamimina majivu wadudu wasiingie, akakiziba. Nikadhani atakitundika mahali pake, juu ya jiko. Akaniwekea mikononi.

"Kaa nacho wewe," akasema. "Haya, sasa tupike."