Kona ya Nyuma Kushoto

Mashua ilikaa mtaani Komarock, mbali na maji yoyote, miezi mingi, uani kwa bosi wangu, na kila aliyepita langoni alikuwa na la kusema. Si ajabu. Mabomba ya mtaa yalikuwa yakikauka wiki nzima, watu wamepanga mitungi foleni, na hapo katikati kuna chombo cha majini kimefunikwa turubai. Makanika wa jirani walinisalimu, "Niaje, Nuhu?" Nilikuwa mwanamke wa miaka ishirini na kitu na ulimi nilikuwa nao. Niliwajibu kwamba mvua ikianza wasije kunigongea.

Bosi alikuwa na karakana ya tairi, na mimi nilikuwa mmoja wa wazibaji. Aliponiona nikirudisha lori nyuma bila kugusa ukuta, akaamua nitafaa kuendesha mashua pia. Alikuwa ameinunua kwa familia moja iliyokuwa ikihama kutoka kando ya Ziwa Naivasha. Ilikuwa kuukuu, lakini injini yake ilikaa ndani na mapanga ya kusukuma maji yalikuwa chini ya tumbo, mbali na mtu anayecheza nyuma. Bosi alikuwa amesafiri ng'ambo, akaona mtu amesimama juu ya ubao, anasukumwa na wimbi la mashua, mikononi hana hata kamba. Alirudi na ubao kama ule na ugonjwa wa kuutaka mchezo ule.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu kuieleza. Mchezaji huanzia majini ameshika kamba, mashua inamvuta mpaka anasimama, na wimbi likiwa refu na safi anaitupa kamba, wimbi linambeba. Ili wimbi hilo lije, mashua lazima ilemewe kona moja ya nyuma, iiname kama mtu aliyebeba mtungi mmoja. Tena dereva asikimbie. Wengi hudhani mbio ndizo zinazoleta wimbi, kumbe mbio hulilaza. Unakwenda mwendo wa baiskeli yenye haraka kidogo, na unaushika huohuo, hupandishi wala hushushi.

Shida yetu ilikuwa uzito. Ng'ambo, alisema bosi, hujaza maji kwenye mifuko mikubwa. Nani angethubutu kumwaga maji ndani ya mashua pale Komarock, majirani wakimtazama na mitungi mitupu? Nikashona magunia ya mchanga. Tulipofika Naivasha yaliteleza hadi katikati, moja likapasuka, mchanga ukaziba pampu. Wimbi tulilopata lilikuwa la mtu anayenawa miguu. Bosi alivumilia safari kadhaa, kisha akasema amechoka kuchekwa. Alikuwa amepata mnunuzi wa kuja Jumatatu. Tungejaribu Jumamosi moja ya mwisho, na ikishindikana, mimi ningerudi kuziba tairi.

Niliitaka ile mashua kuliko nilivyowahi kumtaka mwanamume yeyote. Nikiwa usukanini sikuwa nikigombana na mtu.

Mama yangu aliomba iuzwe, wala hakunificha. Yeye ni mtu wa magharibi, amezaliwa kando ya ziwa, na alipokuwa msichana kaka yake aliteleza kutoka kwenye mashua iliyojaa watu. Waliomo waliogopa upepo, wakaelekea nchi kavu bila kumrudia, naye akafa maji. Tangu siku hiyo hakukanyaga mashua. Kila nilipotaja Naivasha, mezani kwetu mtaani Jericho, alisema neno moja tu, "Mashua hairudi," kisha akaniuliza kama chai inatosha.

Jumamosi ile kwaya ya kanisa letu ilikuwa na matembezi, na ni mimi niliyewashawishi waende Naivasha. Niliwataka kwa uzito wao, na niliwaambia hivyo. Waimbaji wa besi walikuwa wachinjaji wa soko la nyama la Burma, na Burma haijawahi kumkondesha mtu. Walicheka, wakakubali. Mama, ambaye ndiye aliyekuwa kiongozi wa alto, alikaa juu ya kanga ufukweni akatazama upande mwingine.

Nikawavalisha majaketi ya kuelea, nikawaweka wote kushoto, wazito zaidi kwenye kona ya nyuma. Bosi akaingia majini na ubao wake. Nilipokaza mwendo mashua ikainama, na nyuma ya kona ile nikaona wimbi linaanza kunyanyuka, la kwanza la kweli. Hapo wale watu wazima wakahisi maji yako karibu na viwiko vyao. Mmoja alisema, "Sista, hii kitu itapinduka," na wote wakahamia kulia kwa pamoja. Mashua ikakaa sawa, wimbi likafa, bosi akazama hadi kidevuni. Tukarudia. Wakahama tena. Mara ya tatu besi mmoja alianza kuhama kabla sijawasha injini.

Nikawarudisha ufukweni ili wapumue. Bosi hakunigombeza, na hilo liliniumiza zaidi. Alisema kwa upole kwamba nimefanya bidii, na kwamba sasa anakwenda kumpigia mnunuzi simu. Nilishika usukani nikatazama mbele ili watu wa kanisa wasione uso wangu. Mama aliuona. Nilisikia maji yakichapwa, na nilipogeuka alikuwa ameyaingia hadi magotini, viatu mkononi, sketi ya Jumapili imelowa, anamwambia mchinjaji mmoja ampe mkono.

Alivaa jaketi kama mtu anayevishwa na daktari. Kisha akawatazama wenzake waliokaa ovyo, na nadhani hapo ndipo hasira ilipoishinda hofu. Akawauliza ni kwaya gani hii, alto amekaa na tenor, besi yuko mbele. Akawapanga kama wanavyopangwa kanisani, besi nyuma kabisa kushoto, alto kando yao, soprano na tenor mbele. Kona yenyewe, ile inayoinamia maji, akaikalia yeye.

"Kila mtu kwa sauti yake," akasema. "Na asihame mtu."

Akaanzisha wimbo. Nimeimba katika kwaya ile, najua ilivyo. Miaka na miaka mwalimu wao aliwafundisha kwamba paa likivuja, mtoto akilia, umeme ukizimika, unabaki mahali pako mpaka ubeti uishe. Mashua iliinama mpaka maji yakawa yanamlamba Mama kiwiko, na hakuna aliyehama. Nilishika mwendo wangu. Dereva haruhusiwi kugeuka, nilikuwa na kioo kidogo tu, na ndani yake nilimwona Mama anaimba macho ameyafumba, na nyuma yake wimbi refu, laini, la kijani. Bosi akasimama. Akaitupa kamba. Akabaki pale, mikono ameitandaza, anasukumwa na maji na alto ya mama yangu.

Kisha akaanguka, kama wote wanavyoanguka.

Wimbo ulikatika. Mama alikuwa amefumbua macho, na alichokiona ni kichwa cha mtu majini kikibaki nyuma. Akasema, si kwa kelele, "Mrudie." Nilikuwa tayari nimeshageuza. Hiyo ndiyo nusu ya pili ya kazi ya dereva, mtu akianguka unarudi hapohapo. Nilimzunguka taratibu, nikazima injini, tukamfikia anaelea na jaketi lake, anacheka kama mtoto. Mama alimshika mshipi wa jaketi hata kabla ya besi kumvuta ndani, na alipokwisha kuvutwa hakumwachia. Bosi aliketi miguuni pake, anatiririka maji, akaniambia Jumatatu hakuna mnunuzi.

Nilimshukuru yeye, nikawashukuru wachinjaji, na tangu siku hiyo sijaacha kuishukuru kwaya ile. Kisha nikasimama mbele ya Mama, nikamuuliza kama nimrudishe ufukweni.

Alinitazama, mkono wake bado umeng'ang'ania lile jaketi.

"Kumbe wewe unarudi," akasema. "Basi endesha."