Harufu ya Jiko Langu

Nilipojifungua, mama alikuja Likombe kutoka Mahurunga kunitunza siku arobaini. Alileta muhogo mkavu, kanga mbili na ubani wa kumfukizia mjukuu. Mimi nilikuwa na jiko la gesi, jipya, na maringo yake.

Mama hakulipenda. Kila nilipoliwasha alirudi nyuma hatua mbili. Yeye alipikia mkaa wake uani, nami nikamcheka mbele ya majirani. Nina ulimi mbaya, sikatai.

Siku ya tano mvua ilinyesha tangu asubuhi. Tulifunga madirisha yote, mtoto asipate baridi. Alasiri niliamka na kichwa kizito, nikaenda jikoni kutafuta maji. Nikausikia mtungi wa gesi unalia, sauti nyembamba isiyokoma. Mpira ulikuwa umelegea pale unapoungana na mtungi. Ndipo harufu ya kitu kilichooza ikanijia, nikatambua kuwa nilikuwa nimelala nayo.

Muuza mitungi aliwahi kuniambia kwamba gesi hii ni nzito, hutambaa sakafuni ikajaa nyumba kimyakimya, na cheche moja inatosha. Nilimwitikia haraka ili aondoke. Sasa nilitazama miguu yangu. Mtoto nilikuwa nimemlaza chumba cha pili, kwenye godoro la chini.

Mlango wa uani ukasukumwa. Mama alikuwa anaingia na chetezo, makaa yamekolea, ubani tayari mkononi.

"Mama, simama! Rudi nje! Rudi na moto wako!"

Sijawahi kumpigia mama kelele namna ile. Aliganda kizingitini, mguu mmoja ndani. Kisha akarudi nyuma, taratibu mno, mpaka mvuani, makaa yakazimika. Nilifunga koki, nikaacha mlango wazi, nikambeba mtoto tukatokea mlango wa mbele. Sikugusa swichi yoyote.

Tulikaa barazani kwa jirani. Nikamwuliza mama kama hakuisikia ile harufu.

"Nimeisikia tangu asubuhi, mwanangu."

"Mbona hukusema?"

Alikuwa anakausha miguu kwa kanga, hakuniangalia.

"Ungenicheka tena. Nikajua ndivyo linavyonuka jiko lako. Nikasema nifukize ubani, watu wakija kumwona mtoto usiaibike."