Siku Walipong'oa Reli Tukiwa Kazini

Siku ya kwanza kuripoti stesheni, Stesheni Masta alinirudisha nyumbani kwa sababu shati langu lilikosa kifungo.

"Abiria akikuona hivi, atajiuliza kama hata breki zetu zimefungwa," alisema.

Nilishona, nikarudi. Akanikabidhi kazi ya kupanga njia, yaani kuvuta wenzo, mkono mrefu wa chuma unaosogeza reli ili treni iingie njia inayotakiwa. Ukiuvuta nusu, behewa linaanguka. Stesheni yetu ilikuwa ya mwisho kwenye tawi lililochepuka kutoka njia kuu, kusini mwa Mwanza, hadi kwenye kinu cha pamba ufukweni. Baadaye nilihamishiwa mjini kupanga mabehewa ya mizigo, chini ya Mkaguzi aliyefoka tangu asubuhi hadi jioni, kisha nikarudishwa kwa Stesheni Masta yuleyule. Nilifurahi. Alikuwa mkali, lakini hakufoka, na sikuwahi kumsikia akibishana na mkubwa wake.

Pamba ilipopungua, treni nazo zilipungua. Hatukuambiwa lolote.

Asubuhi moja tulikuwa tunasubiri treni ya abiria. Jukwaani alikuwepo Nyamizi, mke wa mkulima wa jirani, ameshikwa na uchungu tangu jana yake. Mkunga alikuwa ameona mtoto amelala vibaya, akasema apelekwe hospitali Mwanza. Mvua ilikuwa imekata barabara. Mama mkwe wake alimshika mgongoni.

Kichwa cha treni kikatokea, kikivuta mabehewa yasiyo na kuta. Hakukuwa na abiria hata mmoja. Wakashuka wanaume wenye spana na mitaimbo, wakapita mbele yetu bila salamu, wakaanza kufungua reli kutoka kwenye mataruma yanayozishikilia chini.

Nilidhani wanatengeneza. Msimamizi wao ndiye aliyesema, "Tawi limefungwa. Hamkupata taarifa?"

Niliona reli ya kwanza ikinyanyuliwa, na chini yake udongo mweusi ambao haukuwa umeona jua tangu kabla sijazaliwa.

Stesheni Masta hakuuliza habari za kazi yake. Alionyesha kule jukwaani. "Huyu mama ni mgonjwa. Mpelekeni Mwanza kwanza."

"Sina ruhusa ya kubeba abiria, mzee. Injini inakaa hapa mpaka tupakie reli."

Stesheni Masta akavua kofia, akanipa niishike. Kisha, na sare yake iliyopigwa pasi, akaenda kukaa juu ya reli waliyokuwa wanataka kuifungua. Sikuamini macho yangu.

"Mzee, ondoka. Utapoteza mafao yako."

"Nimesikia."

Wanaume wale wakamtazama, wakamtazama Nyamizi aliyekuwa analia kwa sauti ya chini. Mmoja akaweka mtaimbo chini, wengine wakamfuata. Dereva akasema, "Mimi naenda. Andikeni jina langu." Tukambeba Nyamizi hadi kwenye chumba cha injini, mama mkwe akapanda nyuma yake. Nikaenda kuvuta wenzo, injini ikaondoka. Jioni injini iliporudi, dereva alituambia mtoto ni wa kike, na mama amepona. Stesheni Masta aliinamisha kichwa, akalia mbele yetu.

Alisimamishwa kazi. Mimi nilihamishiwa njia kuu, nikastaafu huko. Sasa naishi Buhongwa.

Mwaka huu nilikwenda kupaona. Paa la stesheni halipo. Jukwaa limejaa dagaa walioanikwa, na binti mmoja alikuwa anawageuza kwa reki.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Unajua jukwaa hili lilijengwa la nini?"

"La dagaa."

Nikamwambia hapa palikuwa na treni. Akaacha kugeuza, akatazama ziwa, akatazama mashamba, akanitazama mimi kwa huruma, kama anayemsikiliza mzee aliyeanza kuchanganyikiwa.

"Babu, treni ije huku kufanya nini?"

Nikamwonyesha kwa mkono kule reli ilikopita.

"Kutuchukua," nikasema.